Kabla Hujamlipa Mkulima Mboga za Msimu Mzima

Nyumba ya watu wawili na mtoto haimalizi mafungu sita ya mchicha kwa wiki, hata kama wote wanaupenda. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza juu ya utaratibu wa kumlipa mkulima mwanzoni mwa msimu, kisha kuletewa kapu la mboga kila wiki, huanza na bei. Bei tutaifikia. Kwanza lijue jiko lako.

Sisi tunaishi Chumbageni, hapa Tanga mjini. Familia chache tumeungana kumlipia mama mmoja mwenye bustani bondeni, kando ya mto Zigi, upande wa Amboni. Pesa tunampa kabla hajapanda, naye ananunua mbegu, samadi na mafuta ya pampu. Akivuna tunagawana kilichopatikana: mvua ikiwa njema kapu linajaa, wadudu wakizidi linapungua, na linapungua kwa wote. Kulipia mazao yakiwa bado shambani si jambo geni mkoani kwetu, maana wachuuzi hununua machungwa ya Muheza yangali mitini. Ila mchuuzi hulipa ili akauze, nasi tunalipa ili tule. Wajapani wanao utaratibu kama huu, wanauita teikei, nao ulienea kwao miaka ya 1970, wakati watu wa mijini, akina mama hasa, walipoanza kuhofia dawa za shambani kwenye chakula cha watoto. Marekani ulianza mwaka 1986 katika mashamba mawili, moja Massachusetts, jingine New Hampshire.

Sasa jiko. Chukua daftari, kwa wiki mbili tatu andika kila mboga unayonunua sokoni Mgandini au kwa mama anayepita mtaani, na andika pia unachotupa. Hicho cha kutupa ndicho kitakachokuambia hisa, yaani fungu lako la mavuno unalolipia, ya ukubwa gani inakufaa. Nyumba ndogo nyingi zinatosheka na nusu hisa. Kama mkulima hauzi nusu, tafuta jirani mgawane kapu moja, lakini mtu ambaye mnapika vyakula vinavyofanana. Jirani asiyegusa bamia atakuachia bamia zote, na utachoka nazo kabla msimu haujafika katikati.

Angalia pia kapu lina nini cha kukaa. Kwa joto la Tanga, mchicha uliovunwa alfajiri kesho yake jioni umeshalala, hasa kama huna friji. Matembele na mnavu ni hivyo hivyo. Bilinganya na nyanya chungu husubiri siku kadhaa, boga zima lisilo na jeraha hukaa wiki nyingi, na kisamvu ukishakitwanga na kukichemsha unaweza kukigandisha, ukakiunga nazi siku unayotaka. Kwa hiyo muombe mkulima majani kidogo na vya kukaa vingi. Tena afadhali akuletee mara mbili kwa wiki, kidogo kidogo, kuliko kukumwagia kapu kubwa Jumamosi. Ikiwa bodaboda itaongeza gharama, pangeni familia za mtaa mmoja mzigo ushuke mahali pamoja.

Mkulima mzuri mimi namtambua kwa maswali anayouliza. Mama yetu, kabla hatujazungumza pesa, aliuliza, “Mwanangu, kwako mnakula wangapi? Na Ramadhani mnafuturu nyumbani?” Nilimwamini tangu hapo. Maana Ramadhani jiko la hapa linageuka kabisa, watu wanataka muhogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi mbichi za kupika kwa nazi, na majani hayana haraka. Mwezi wenyewe hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo si kila mara utalikuta shamba katika hali ile ile. Kama mkulima hana mihogo yake, afadhali mkubaliane mapema kapu lisimame mwezi ule, na wiki hizo zisogezwe mbele.

Kisha nenda shambani. Usilipe kwa picha za simu. Angalia maji anayomwagilia yanatoka wapi na yanapita wapi kabla ya kufika hapo, kwa sababu mboga za majani nyingine huliwa bila kupikwa. Muulize kama ardhi ni yake au amekodi, na kama amekodi, mkataba wake unafika mwisho wa msimu uliolipia? Muulize dawa anazopiga. Usiogope kuomba kuona chupa au pakiti. Pale huandikwa siku ngapi zipite baada ya kupiga dawa ndipo uvune, na mkulima anayezijua siku hizo bila kusoma ni mtu wa kumshika. Anayekuambia kwamba mazao yake ni ya kilimo hai, muulize amekaguliwa na nani. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mkulima mdogo anaweza kulima vizuri sana bila alama hiyo, lakini asikuambie anayo kama hana. Ukiwa na mashaka, afisa ugani wa kata hiyo kwa kawaida anawajua wakulima wake.

Nisisitize jambo moja hapa. Ukiona kapu la shamba la pwani lina karoti na koliflawa, jua kwamba hizo kwa kawaida zimeshuka kutoka Lushoto, kwenye baridi ya Usambara. Sina neno na mkulima anayenunua Lushoto kujazia kapu, mradi aseme. Asiposema, pesa uliyotoa ili apande inazunguka kama mtaji wa uchuuzi, na siku akikosa mzigo utaambiwa shamba limeharibika.

Makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha: nini kitatokea mto ukifurika, familia ngapi zinagawana, ukisafiri kapu lako liende kwa nani. Lipa kwa awamu mbili, moja kabla ya kupanda na nyingine mavuno yakianza. Usitake kurudishiwa pesa kwa sababu mvua imeharibu. Hiyo hasara uliikubali uliponunua hisa. Lakini dai taarifa, na dai mapema.

Kuhusu bei, usilinganishe wiki moja na soko. Masika mchicha umejaa kila kona na utaona umelipa zaidi, wakati nyanya zinaoza shambani kwa ukungu na bei yake inapanda. Kiangazi majani yanaadimika, na hapo kapu linarudisha thamani yake. Piga hesabu ya msimu mzima ukitumia lile daftari.

Wakati mzuri wa kulitembelea shamba ni Februari, jua likiwa kali. Tuta lililo kijani mwezi huo lina maji ya kweli. Ukiridhika, lipia nusu hisa kabla ya mvua za Machi, na la hisa nzima mlizungumze tena vuli ikikaribia.