Muulize Fundi: Bakuli la mti mbichi limepasuka

SWALI: Fundi shikamoo. Nilipata gogo la mti uliokatwa juzi tu nikachonga bakuli kwa tezo na patasi, mti ulikuwa laini nikafurahi sana, nikalianika juani likauke, kesho yake nakuta ufa toka katikati ya kitako mpaka ukingoni. Jirani anasema mti mbichi hauchongwi mpaka ukae mwaka. Ni kweli? Nataka na stuli kwa gogo hilohilo.

JIBU: Marahaba. Sio kweli, kwa zana za mkono mti mbichi ndo wenyewe, ukikauka utapiga tezo mpaka mkono ufe ganzi. Kilichokuponza ni moyo wa mti (kile kiini cha katikati kabisa ya gogo) na jua.

Ufa ukianzia katikati ya kitako maana yake umeuacha moyo ndani. Mti ukikauka hausinyai sawa pande zote, kwa urefu ni kama hakuna kitu, toka moyoni kwenda ganda miti mingi inapungua kama 4%, lakini kuzunguka gogo inafika 8%, yaani mduara unataka kufupika kuliko kilichomo ndani yake, sasa hapo lazima pafunguke mahali. Kwahiyo gogo usichonge zima, lipasue kwa kabari katikati ya moyo, halafu moyo wote uutoe kwa shoka. Kupasua ni bora kuliko msumeno maana ufa unafuata nyuzi na mbao inabaki na nguvu zake.

Bakuli chonga mara mbili. La kwanza liwe nene, la upana wa sm 20 acha sm 2 kila mahali, kitako na kuta ziwe sawa maana pembamba patakauka kabla ya panene na ugomvi unaanza hapo. Paka nta kwenye ncha za nyuzi, yaani pale nyuzi za mti zilipokatwa, maji yanatokea huko kwa kasi kweli, kisha lifukie kwenye maranda yake kivulini. Lipime kila wiki, uzito ukigoma kushuka limekauka. Litakuwa limevutika kidogo kama yai, usiogope, sasa ndo umalizie na patasi na msasa (msasa kwenye mti mbichi unajaa vumbi na kuziba tu). Ukikatisha kazi leo uendelee kesho, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ila siku nyingi humo litaota ukungu.

Zana futa na upake mafuta kila ukimaliza, maji ya mti yanakula chuma.

Stuli sasa, hapo ubichi unakusaidia kabisa. Chonga miguu kwanza uikaushe vizuri, kiti, yaani sehemu ya kukalia, kibaki na unyevu kiasi, halafu ndo utoboe na kugongelea. Ulimi mkavu, yaani ncha ya mguu inayoingia tunduni, utavuta unyevu uvimbe huku tundu likisinyaa na kuubana, hata gundi utaisahau. Ila usigeuze, mguu mbichi kwenye kiti kikavu utaanza kucheza ukikauka tu.