Gereji ya Wasomaji: Petroli ya bei ya juu na vichupa vya tenki, vinasaidia au tunaliwa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300. Kila nikipita duka la spea jamaa ananiuzia kichupa cha kumwagia kwenye tenki, anasema kinasafisha nozeli (zile za kupulizia petroli kwenye injini) na gari itanusa tu mafuta. Shemeji yangu wa Nairobi naye ananiambia achana na vichupa, weka ile petroli ya bei ya juu gari itakuwa nyepesi. Nimsikilize nani? Halafu gari imeanza kumisi (kukatakata) asubuhi. Mwenye IST, Tabata.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Tuanze na shemeji, maana kosa lake ni la watu wengi sana, hata mafundi wenzangu. Watu wanadhani oktani ni nguvu, namba ikiwa kubwa basi petroli ni kali na inalipuka zaidi. Ni kinyume kabisa. Oktani inapima petroli inavumilia vipi kubanwa na joto bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Isipovumilia ndio unasikia injini inagonga, ile kakakaka ukipanda mlima na gia kubwa, na kugonga huko kukizidi pistoni inaweza kutoboka. Sasa injini inayobana sana au yenye tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi) inahitaji petroli mvumilivu, lakini injini ambayo haigongi hata kidogo ukiipa oktani zaidi haina cha kuifanyia, inaichoma kama ile nyingine halafu wewe umelipa zaidi.

IST yako ina injini ya 2NZ, inabana hewa na petroli mara 10.5, na Toyota waliitengeneza inywe regula, yaani petroli ya kawaida ya kwao Japani, ambayo kiwango cha huko kinataka RON (namba ya oktani) isipungue 89. Premiamu yao, ile ya oktani kubwa, wanaiita haioku na inaanzia 96. Petroli ya kawaida ya kwetu, kama haijachakachuliwa, inavuka hiyo 89 bila shida. Fungua kifuniko cha tenki usome kama kuna stika, kama ni Kijapani piga picha simu ikutafsirie. Gari inayotaka haioku mara nyingi wameiandikia hapo, na kitabu cha gari kinasema pia.

Marekani chama chao cha wenye magari, AAA, mwaka 2016 kilichukua magari ya regula kikayawekea premiamu na kuyapima. Hakuna faida ya maana kwenye nguvu wala kwenye ulaji wa mafuta, na kikakadiria kwamba kwa mwaka mmoja tu madereva wa huko walikuwa wametupa zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa kuweka premiamu kwenye magari yasiyoihitaji. Huo wepesi anaousikia shemeji mi nadhani ni wa pochi, ila usimwambie nimesema.

Lakini shemeji ana kipande cha ukweli. Petroli za bei ya juu kama V-Power au Excellium zinauzwa kwa jina la usafi pia, yaani zinawekewa dawa ya kuondoa uchafu kwenye nozeli na valvu, na usafi ni kitu tofauti na oktani. Huko Marekani sheria inataka petroli yote iwe na kiasi cha chini cha dawa hizo tangu 1995, na mwaka 2004 Toyota, Honda, GM na BMW wakasema hicho kiasi hakitoshi, wakaanzisha kiwango chao cha juu zaidi kinaitwa Top Tier. AAA hao hao wakalinganisha, wakakuta petroli isiyofika kiwango hicho iliacha uchafu mara 19 zaidi baada ya mwendo wa kama kilomita 6,400. Kwa hiyo usafi ni kitu cha kweli, ila angalia, regula nayo inaweza kuwa ya Top Tier, huhitaji kupanda bei ya oktani ili upate sabuni.

Sasa kichupa. Vipo vya maana na vipo vya ovyo kabisa. Geuza nyuma usome, ukiona herufi PEA au neno polyetheramine hiyo ndiyo dawa inayojulikana kulainisha masizi hadi kwenye vyumba vya kuchomea. Ukiona wameandika tu maajabu, nguvu mpya, okoa nusu ya mafuta, rudisha kwenye shelfu. Kipimo fuata maelezo ya kichupa, mimina kabla ya kujaza ili ichanganyike, tembea tenki liishe. Kama nozeli zilikuwa chafu utaona sailensa (injini ikiunguruma gari imesimama) inatulia, zilikuwa safi hutaona kitu, na kila mwezi si lazima hata chembe. Wenye magari ya D4 wanisikilize hapa: petroli yenu inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo dawa ya tenki itafika kwenye nozeli lakini yale masizi ya kwenye valvu na manifodi haiyagusi. Hapo ni kufungua na kusafisha kwa mkono.

Na hiyo kumisi asubuhi usiimwagie dawa kwanza! Chomoa plagi uziangalie, angalia koili, osha throto (mlango wa kuingizia hewa), badilisha filta ya hewa kama imekuwa nyeusi. Vyote vikiwa sawa ndio ushuku mafuta. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, yakichanganywa kwenye petroli gari inagonga na kukosa nguvu, na uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, wadhibiti wa nishati wa Tanzania, waanze kuweka vinasaba (alama za siri za kutambulisha) kwenye mafuta na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa 2011. Kenya nao 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Jaribio la haraka: dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi inakauka haiachi alama, ikibaki doa la mafutamafuta hama hiyo sheli.

SWALI: Mimi nina Forester ya tabo, kibandiko kinasema haioku. Nairobi ni juu sana, nikiweka super ya kawaida si ni sawa tu? Msomaji, Ngong Road.

JIBU: Hapana bwana. Ni kweli kwenye mwinuko kama wa Nairobi hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inahitaji oktani kidogo kuliko ikiwa Mombasa. Lakini tabo kazi yake ni kujaza hewa, inarudisha kile mwinuko ulichokupunguzia. Sensa ya kugonga itairudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) ikuokoe, ndio, unapoteza nguvu na unakula mafuta zaidi, na siku umepakia mzigo unapanda Mai Mahiu isipowahi injini inaumia. Wewe ndiye mtu wa kulipa hiyo bei ya juu.

SWALI: Vijana wa bodaboda wanaweka naftalini kwenye tenki wanasema inaongeza spidi. Kweli?

JIBU: Zamani ilikuwa inapandisha oktani kidogo kweli, kwa hiyo ushamba wote si wao. Shida ni kwamba petroli ikipoa au ikipungua hiyo naftalini inagandia kwenye njia na jeti za kabureta. Na hizo okteni busta za dukani zinazoandika zinaongeza pointi 3, mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba moja ya oktani, yaani unatoka 91.0 unaenda 91.3. Asante sana.

SWALI: Hilux yangu ni dizeli, nikichanganya petroli kidogo si inasafisha? Mzee wa Mbeya.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usifanye. Dizeli inapimwa kwa setani, nayo inatakiwa kujiwasha upesi, kazi ambayo petroli imetengenezwa kuikataa. Tena pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli inaikausha na chuma kinasagana, hizi za komoni reli (zenye pampu ya presha kubwa sana) ndio hazisamehi kabisa. Badilisha filta ya dizeli na umwage maji yaliyokaa chini ya filta.