Seva yangu ya Minecraft inaganda jioni: nihamie SSD au nibaki na diski inayozunguka?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimekodi mashine nzima kwenye kituo cha data huko Ujerumani kwa ajili ya Minecraft. Tuko wachezaji 20 hadi 25, wengi Dar es Salaam na Mombasa. Mashine ina diski mbili za kawaida za TB 2. Mkodishaji anasema kwa bei ileile anaweza kunihamishia kwenye mashine yenye SSD (diski zisizo na kitu kinachozunguka) mbili za GB 240. Jioni tukiwa wengi, mchezo unaganda sekunde mbili tatu kwa wote, kisha unaendelea kama kawaida. Je, SSD itatibu? Na ni kweli SSD hufa mapema ikiandikwa sana?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, hamia SSD. Ila kwanza uhakikishe ugonjwa wenyewe ni wa diski, maana kuna matatizo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja.

La kwanza ni umbali. Data kutoka Afrika Mashariki kufika Ujerumani na kurudi huchukua muda, na hakuna diski itakayoufupisha. Hilo utalijua kwa dalili yake: ukivunja bloku inarudi, kisha inavunjika kweli, na linakupata hata ukiwa peke yako kwenye seva.

La pili ni kichakataji. Minecraft hupiga tiki (mapigo ya mchezo) 20 kila sekunde, yaani kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi yote: ng'ombe, wanakijiji, mashine za redstone (umeme wa mchezoni), maji yanayotiririka. Kazi kubwa ya hapo hufanywa na uzi mmoja tu wa kichakataji, yaani foleni moja ya kazi. Ukilemewa, ulimwengu wote huenda polepole muda wote, haugandi ghafla na kuachia.

La tatu ndilo lako, naamini. Kuganda ghafla, wote kwa pamoja, kisha kuachia, kwa kawaida ni seva kusubiri kitu kifike kutoka diski au kiandikwe. Sababu iko ndani ya hiyo HDD yako, yaani diski inayozunguka. Mna sahani inayozunguka, kwa diski nyingi za seva mara 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa husubiri kama milisekunde 4 mpaka data ipite chini yake. Kabla ya hapo mkono wenyewe umetumia milisekunde 8 au 9 kusogea. Jumlisha: milisekunde 12 au 13 kwa kila safari, yaani safari kama 80 kwa sekunde. Safari nne tu zikifuatana, muda wa tiki nzima umekwisha.

Sasa tazama mchezo unaitaka nini diski hiyo. Ulimwengu umegawanywa kwa chanki za bloku 16 kwa 16, na kila faili la eneo hubeba chanki 1,024. Ukiwa umeacha umbali wa kuona kwenye 10, mchezaji huzungukwa na mraba wa chanki 21 kwa 21. Akiruka kwa elytra (mabawa ya mchezoni) na fataki hufika bloku 30 hivi kwa sekunde, karibu chanki mbili kwenda mbele, na kila hatua hudai safu mpya ya chanki 21. Huyo ni mmoja, na tayari anahitaji chanki kama 40 kila sekunde. Watatu wakiruka pande tatu tofauti, ni 120. Si kila chanki inahitaji safari yake ya mkono, kwa sababu Linux, mfumo endeshi wa seva, huhifadhi kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) vilivyosomwa karibuni. Lakini chanki ikikua kwa majengo huhamishwa sehemu nyingine ya faili, hivyo majirani wa mchezoni si lazima wawe majirani kwenye sahani. Hapo ndipo tofauti ya mchana na jioni inapotokea: mchana mko wachache sehemu moja, RAM inabeba, jioni mmetawanyika, mkono wa diski unakimbia huku na huko.

Matoleo ya sasa ya Minecraft husoma chanki pembeni ya uzi mkuu, na hilo husaidia sana. Hata hivyo bado kuna nyakati uzi mkuu hauna budi kusubiri chanki ifike, na kwenye HDD kusubiri huko huonwa na kila mchezaji.

SSD haina sahani wala mkono. Hata ile ya SATA, aina ya kawaida, hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja na huhudumia maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Mkodishaji akikupa NVMe, aina yenye kasi zaidi, ipokee, ila usilipe zaidi kwa ajili ya kasi yake ya kumwaga mafaili makubwa. Seva ya Minecraft haimwagi, inadonoadonoa. Ukitoka HDD kwenda SATA SSD utaona kwa macho, lakini kutoka hapo kwenda NVMe, kwa watu 25, sidhani.

Usiniamini kwa maneno. Leo jioni endesha iostat -x 1, amri ya Linux inayoonyesha kazi ya diski, na uache dirisha wazi. Mchezo ukiganda, tazama r_await na w_await (muda wa kusubiri kusoma na kuandika) na %util (matumizi) za diski. Await zikiruka hadi makumi au mamia ya milisekunde na matumizi yakagonga karibu asilimia 100, umeshika mwizi. Diski ikiwa imetulia, na unatumia Paper (programu ya seva ya Minecraft), andika /mspt, milisekunde za kila tiki: namba ikizidi 50 shida ni kichakataji, na SSD haitakusaidia kwa hilo.

Angalia pia saa ya bakapu, yaani nakala ya akiba. Niliwahi kuwekea kikundi fulani bakapu ya saa mbili usiku kwenye HDD, kosa langu mwenyewe: kubana ulimwengu mzima huku watu wanacheza kulifanya mkono wa diski ugombaniwe, na seva ikaganda kila usiku kwa wiki nzima kabla sijaunganisha mambo. Hamishia alfajiri. Zima uandishi kwa save-off, toa save-all flush, nakili, kisha save-on.

Kuna watakaokushauri uweke sync-chunk-writes=false kwenye server.properties (faili la mipangilio ya seva), yaani seva isisubiri chanki iandikwe hadi mwisho, ili HDD ipumue. Kweli inapumua, lakini mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza chanki zilizokuwa zinaandikwa. Mimi nisingefanya hivyo na kazi ya watu 25.

Kuhusu SSD kufa mapema: huchakaa kwa kuandikwa, ni kweli, lakini piga hesabu. Samsung 870 EVO ya GB 500 ina dhamana ya TB 300 za kuandikwa. Ukiandika GB 20 kila siku, ni TB 7.3 kwa mwaka. Ungehitaji miaka 41 kuzifikisha.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ile GB 240. Ziunganishe kwa RAID 1, yaani kila kitu kiandikwe kwenye diski zote mbili, ubaki na GB 240 za matumizi, halafu weka mpaka wa ulimwengu kwa amri ya worldborder. Mpaka wa bloku 10,000 kwa 10,000 ni chanki 390,625, mafaili karibu 400 ya MB chache kila moja, kwa hiyo nafasi inatosha na kubaki. Na RAID 1 si bakapu: ukifuta ulimwengu kwa bahati mbaya, unafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Nakala ikae nje ya mashine hiyo, na huko HDD ya bei rahisi inafaa kabisa, kwa kuwa nakala huandikwa kwa mfululizo bila mkono kurukaruka.

Mashine za kukodi hupita mikono mingi. Ukikabidhiwa, kabla hujahamisha chochote, endesha smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski, kwa kila SSD, usome saa ilizofanya kazi, kiasi kilichokwishaandikwa na makosa yaliyorekodiwa. Ukikuta makosa, au diski iliyokaribia mwisho wa uhai wake, mwombe mkodishaji aibadilishe siku hiyohiyo, ulimwengu wenu ukiwa bado uko salama kwenye mashine ya zamani.