"Ndugu wa Mgonjwa ni Nani Hapa?": Niliyojifunza Kuhusu Kuwa Mtu Mzima

Muuguzi alitoka chumbani akiwa na fomu na kalamu mkononi, akauliza kwa sauti iliyosikika benchi zima, "Ndugu wa mgonjwa ni nani hapa?" Nikageuka kutazama nyuma yangu. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama nilivyozoea tangu utotoni kila lilipoulizwa swali zito, nikitarajia kumwona mtu aliyenizidi umri akisimama kujibu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Baba ndiye aliyekuwa amelazwa, homa imempanda hata anaongea maneno yasiyoeleweka. Mama alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Wadogo zangu wawili walikuwa wameketi kando yangu, nao walikuwa wakinitazama mimi. Nilikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa hesabu ya sheria nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima kwa miaka minane. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, unamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, isipokuwa pale ambapo sheria inayomhusu inampa utu uzima mapema zaidi, na nchi nyingi zimeuweka mpaka wao hapohapo. Sina ugomvi na mpaka huo, kwa sababu sheria haiwezi kumpima kila mtu peke yake na ni lazima ikate mahali fulani. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba mpaka wenyewe huwekwa na watu na huhamishwa na watu. Uingereza iliushusha kutoka miaka 21 hadi 18 kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na Japani ikaushusha kutoka miaka 20 hadi 18 tarehe 1 Aprili 2022. Vijana wa Japani waliokuwa na miaka 18 na 19 walilala wakiwa watoto mbele ya sheria wakaamka wakiwa watu wazima, ingawa ruhusa ya kunywa pombe na kuvuta sigara ilibaki palepale kwenye miaka 20. Ukitazama vizuri utaona kuwa hata sheria yenyewe humkabidhi mtu ukubwa wake vipande vipande.

Wapo pia wanaoutaja ubongo, nao wanasema kweli. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kupanga mambo, kupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia katikati ya miaka ya ishirini. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilipata faraja, kwa sababu yalinieleza baadhi ya maamuzi yangu ya nyuma ambayo sikuwa na maelezo yake. Baadaye nilitambua kwamba ubongo huo hukomaa ukiwa kazini, na kwamba kijana anayeahirisha kila uamuzi mpaka akomae anajinyima mazoezi yenyewe ya kukomaa.

Nirudi kwenye lile benchi, maana somo langu lilikuwa pale. Nilisimama nikasema, "Ni mimi." Muuguzi akaanza kuniuliza maswali kabla hata ya kunipa fomu. Baba anatumia dawa gani? Kuna dawa yoyote inayomdhuru? Amewahi kufanyiwa upasuaji? Mara ya mwisho alikula saa ngapi? Sikuwa na jibu la swali hata moja. Nilikuwa nimeishi na mtu huyo karibu maisha yangu yote, nikijua hatua zake akiingia mlangoni na anavyokohoa akitaka kuanza mazungumzo mazito, lakini dawa anazomeza kila asubuhi sikuwahi kuuliza zinaitwaje. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekumbuka kuwa ni za shinikizo la damu, akajaribu kueleza rangi ya paketi yake.

Niliona aibu, na aibu hiyo imenifaa kuliko mawaidha mengi niliyopewa. Ilinionyesha kwamba mpaka siku ile nilikuwa nikiishi nyumbani kama mpokeaji. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mshahara, nilichangia matumizi na kujiona nimeshafika, lakini katika kila jambo zito niliamini moyoni kwamba yupo mkubwa anayelijua. Watu wengi hupima ukubwa kwa kazi, kwa ndoa, kwa mtoto au kwa kuhamia nyumba yao wenyewe, nami nimewaona wenye vyote hivyo ambao bado hugeuka kutazama nyuma swali linapoulizwa. Kwa ninavyoelewa leo, mtu huanza kuwa mzima pale anapoacha kumngoja huyo mwingine.

Fomu ilipofika mkononi mwangu, nilitaka kuitia saini papo hapo ili jambo lile lipite. Mkono ulikuwa ukitetemeka na kalamu imeshagusa mstari. Muuguzi akaweka kidole chake juu ya karatasi, mbele ya kalamu yangu, akasema taratibu, "Soma kwanza, mwanangu. Usipoelewa, uliza." Nikasoma. Nusu ya maneno sikuyaelewa, kwa hiyo nikaomba kumwona daktari, nikamuuliza mambo matatu: mtamfanyia nini hasa, kuna hatari gani, na tusipofanya itakuwaje. Alinijibu kwa chini ya dakika tano, bila kunibeza, kisha nikatia saini nikiwa najua ninachokubali. Maswali hayo matatu nimeyatumia tangu wakati huo kwenye mkataba wa kupanga nyumba, kwenye fomu ya mkopo na kwenye barua ya ajira, nayo ni ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeanza kujitegemea. Saini yako ni neno lako, na mtu anayekuharakisha usisome ndiye unayepaswa kumsomea kwa makini zaidi.

Kutoka hapo nilianza kuyatazama mambo mengine niliyokuwa nikiyakimbia, na la kwanza lilikuwa deni. Rafiki yangu alikuwa amenikopesha fedha nikaahidi kumlipa mwisho wa mwezi, na mwezi ulipoisha sikuwa nazo. Sikumwambia. Nilianza kutopokea simu zake, kisha nikawa napita njia nyingine nisikutane naye, na kila siku iliyopita niliona kuwa sasa nimechelewa mno hata kueleza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nami nilikuwa nimeyafanya matanga hayo kuwa marefu kuliko ilivyohitajika. Baada ya baba kutoka hospitalini nilimpigia. Nilimtajia kiasi kamili ninachodaiwa, nikamweleza nitakachoweza kutoa wiki ile na tarehe ya kumaliza kiasi kitakachobaki. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniambia, "Fedha ningeweza kuzisubiri. Kilichoniuma ni wewe kunikimbia."

Naomba msomaji aliye na deni alipime neno hilo. Dawa ya deni ni kulipa, hilo kila mtu analijua, lakini kabla ya kulipa kuna kujitokeza, na kujitokeza hakuhitaji fedha. Ukiona siku ya ahadi inakaribia na huna uwezo, nenda kwa anayekudai kabla ya siku hiyo. Ukienda siku tatu kabla, unazungumza naye kama mtu aliyepatwa na shida. Ukienda wiki tatu baada ya siku hiyo, tena kwa kutafutwa, unazungumza naye kama mtu aliyekamatwa. Kiasi ni kilekile, lakini heshima inayobaki kati yenu haiwezi kuwa ileile.

Kuomba radhi nako kuna utoto na ukubwa wake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema "samahani, lakini", na baada ya lile "lakini" nikawa naeleza jinsi mwenzangu alivyochangia. Nyakati nyingine nilisema "samahani kama nimekukosea", maneno yanayomwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Nimejifunza kusema nilichokitenda kwa jina lake, kukiri kuwa si sawa, kueleza nitakavyokirekebisha, kisha kunyamaza. Sehemu ngumu kuliko zote ni kule kunyamaza, kwa sababu ulimi unatamani sana kujitetea.

Kuhusu hasira, usingizi na matumizi ya muda sina mengi ya kuongeza kwa yale ambayo kila mzazi huyasema, isipokuwa kwamba yana maana zaidi kuliko nilivyodhani nilipokuwa na miaka 20. Nitakaa kidogo kwenye jambo la wazazi, kwa kuwa hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi.

Nilikuwa na manung'uniko dhidi ya baba. Yapo mambo niliyoyahitaji kwake ambayo hakunipa, na yapo maneno aliyonitamkia ambayo niliyabeba hadi ukubwani, na kila nilipofanya uamuzi mbaya nilipata pa kuupeleka lawama. Usiku ule, nilipomwona amelala na mrija wa dripu mkononi, midomo imemkauka, nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu, mwenye mwili unaochoka na maarifa yenye mipaka, aliyeanza kulea akiwa na umri mdogo kuliko niliokuwa nao mimi pale kitandani pake. Manung'uniko yangu hayakufutika, na wala sidhani yalipaswa kufutika yote. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kumngoja yeye aje kuyaponya. Aliyeumizwa utotoni hakuwa na hatia ya kuumizwa, na wapo walioumizwa kwa namna ambayo haipaswi kufunikwa wala kuitwa malezi. Hata hivyo jeraha lililo mwilini mwako litauguzwa na wewe, pengine kwa msaada wa mshauri au mtu unayemwamini, hata kama aliyelisababisha hatakuja kamwe kuomba radhi. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu nimewaona watu wa miaka 40 ambao maisha yao yote yamesimama mlangoni pa mzazi, wakisubiri neno ambalo mzazi huyo hana uwezo wa kulitamka.

Nisieleweke vibaya kwamba mtu mzima ni yule anayebeba kila kitu peke yake. Nililiamini kosa hilo kwa mwaka mzima baada ya baba kupona. Mkubwa ni jalala, husema watu, nami nikakubali kuwa jalala la kila mtu: nikalipia kila kitu, nikaamua kila kitu, nikakataa kusaidiwa, mpaka nikaanza kuwakasirikia wadogo zangu kwa mizigo ambayo hawakuwahi kunitwisha. Aliyenirekebisha ni mama. Aliniuliza, "Umewahi kuwaomba?" Sikuwa nimewaomba. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba kuomba msaada na kutupa mzigo ni mambo mawili tofauti. Mtoto humkabidhi mkubwa tatizo lake akaenda kucheza. Mtu mzima humwita mwenzake amshike upande mmoja, lakini jambo linabaki kuwa lake: ndiye anayelifuatilia, ndiye atakayejibu likiharibika, na ndiye anayerudi kutoa shukrani na taarifa likiisha. Ukiomba hivyo, utashangaa ni wangapi walio tayari kukusaidia, kwa maana hakuna anayeogopa kwamba utamwachia. Vivyo hivyo, ukiombwa jambo usiloliweza, sema mapema kwamba huliweza. Kukataa kunakosemwa leo humwachia mwenzako muda wa kutafuta njia nyingine. "Nitajaribu" isiyo na nia humpotezea muda huo.

Kuna kazi moja ndogo ninayompa kila kijana anayeniuliza aanzie wapi. Chukua karatasi, uandike majina ya dawa ambazo wazazi au walezi wako wanazitumia, magonjwa waliyonayo, na namba za watu wa kupigiwa simu usiku wa manane. Kisha jiandikie karatasi ya namna hiyohiyo kwa ajili yako, na umweleze mtu mmoja ilipo. Ukiwa hapo, uliza pia hati muhimu za familia zimewekwa wapi. Ni kazi ya saa moja. Mimi niliifanya nikiwa nimeketi kando ya kitanda cha baba siku ya nne baada ya upasuaji, akinitajia dawa moja moja, akisimama kupumua, nami nikimrudia herufi kwa herufi. Tulipomaliza aliniomba karatasi ile aisome mwenyewe. Aliisoma polepole, akanirekebisha jina moja nililokosea, akanirudishia.

Karatasi hiyo bado iko kwenye pochi yangu, na nakala yake iko kwa mdogo wangu wa kike. Mwezi uliopita alinipigia simu jioni akasema, "Kaka, nimepewa mkataba wa kazi, kuna kipengele sikielewi. Nikuletee ukisome?" Nilikaribia kumwambia aulete. Badala yake nikamwomba anisomee kwa sauti. Akasoma kipengele kile chote, kuhusu muda wa kutoa taarifa kabla ya kuacha kazi, akasita, akakirudia kwa taratibu zaidi. Sikusema kitu. Kisha nikamsikia akivuta karatasi na kuandika. "Nina maswali matatu," akasema. "Nitawauliza kesho asubuhi kabla sijatia saini."