Kichwa kuuma baada ya kuacha soda

Pole dada. Ulikuwa ukinywa kola mbili za nusu lita kila siku, ukaziacha ghafla, na leo siku ya pili kichwa kinakugonga. Hiyo hasa ni kafeini unayoikosa, kile kichangamshi kilichomo kwenye kola na hata kwenye chai. Kikombe cha chai ya rangi bila sukari asubuhi kitakutuliza. Kipunguze pole pole kwa wiki moja. Usikimbilie juisi ya pakiti! Kola ya nusu lita ina takriban gramu 53 za sukari, kama vijiko 13 vya chai, na juisi nyingi haziko mbali. Maji ya mfereji chemsha jioni, yapoe yakiwa yamefunikwa, asubuhi tia vipande vya ndimu, ubebe chupa kazini. Hamu ya soda itakubana saa ya mchana, kibandani, chapati ikiwa mkononi: kunywa maji yako kabla hujaagiza soda.