Gari likigoma, usikimbilie kununua betri

Betri mpya niliifunga Ijumaa. Jumatatu alfajiri gari likagoma tena, na mlio ni uleule: tak. Mara moja tu, halafu kimya.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1994, ile mafundi wanayoiita "mia", injini ya 5A, gia za mkono. Namba yake bado ni A, kwa hiyo ukilipeleka gereji kila mtu ana jibu kabla hujamaliza kueleza. Fundi aliyenishauri ninunue betri hakupima kitu. Alifungua boneti, akatazama, akasema, "Mzee, hii imekufa." Nami nilikuwa nimechelewa kazini, nikatoa hela.

Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa ethi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Boliti yake ya chini ilikuwa imeliwa na kutu. Sikuushuku kwa sababu taa zilikuwa zinawaka vizuri na redio inaimba. Kumbe taa kubwa zote mbili zinakula kama ampia 10 hivi, wakati stata, ile mota inayozungusha injini unapowasha, inataka zaidi ya 100. Waya wenye kutu unaweza kupitisha za taa bila shida, ila ukidai za stata unakwama.

Kuupima ni kazi ya dakika mbili. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za DC. Ncha moja igusishe nguzo ya hasi ya betri, nyingine chuma kisicho na rangi kwenye injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako ina tatizo. Yangu ilisoma 3 na ushee. Huna mita? Chukua waya mmoja wa kubustia, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri na wa pili kwenye chuma cha injini, mbali na mikanda, halafu washa. Likiwaka, umeshampata mwizi. Mimi nilifungua boliti kwa spana, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza.

Betri nayo hupimwa, haikisiwi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 usitegemee kitu. Gari likishawaka isome kati ya 13.8 na 14.4, isipopanda, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri tatu zitakufa zote.

Siku hizi kabla ya kushika spana nasikiliza kwanza. Tak-tak-tak za haraka huku taa za dashibodi zikififia, hapo betri imeisha au vichwa vyake vimelegea. Tak moja nzito huku taa haziyumbi, na ethi umeshaipima ni nzima, basi mara nyingi ni shaba za ndani ya stata zimelika. Hizo hubadilishwa zenyewe, huna haja ya kununua stata nzima, ingawa kuna watakaokuambia huna njia nyingine. Kimya kabisa, angalia fyuzi na swichi ya funguo. Kama ni otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P.

Gari linalopiga stata kwa nguvu lakini haliwaki ni habari nyingine: linakosa moto au mafuta. Masika yangu yote huanzia kwenye kifuniko cha distribyuta. Maji yakiingia humo, au kikipata ufa, moto haufiki kwenye plagi. Kifungue, kifute kwa kitambaa kikavu, kirudishe. Upande wa mafuta, Toyota nyingi za miaka ile zina kiboksi kidogo ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya +B na FP kwa kipande cha waya, fungua swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha mtu asikilize kwenye siti ya nyuma. Pampu nzima utaisikia ikivuma. Lakini kabla ya hayo yote hakikisha mafuta yamo. Geji yangu husema robo wakati tenki ni kavu, na nilishawahi kufungua plagi zote nne kabla sijalikumbuka hilo.

Ukibanwa na muda na gari ni la mkono, lisukumwe: swichi wazi, gia ya pili, klachi chini, likishashika mwendo achia. La otomatiki usiwachoshe vijana wa watu, haliwaki hivyo.

Ile betri iliyokufa nilimpa jirani. Iko kwenye pikapu yake mpaka leo, na kila asubuhi huwasha mapema kuliko mimi.