Pugu ni kuzuri, ila mto wake ndio huu unaopita mtaani kwetu

Mleta mada, umeuliza pa kuwapeleka watoto Jumamosi, nje ya Dar, bila kukomba mfuko. Nakujibu: Pugu. Halafu nitamjibu na yule mdau aliyesema bora kuukimbia mji kwa siku moja, maana watu wa mabondeni ni wachafu na kipindupindu wanajitakia wenyewe.

Panda daladala za Kisarawe, shuka kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Lipa kiingilio cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, na mchukue mtu wa kuwaongoza, njia za mle ndani zinachanganya. Kuna bwawa la Minaki, na kuna mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe, yamejaa popo. Jioni wakianza kutoka, watoto wako hawatataka kuondoka. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha na maji ya kutosha. Mimi huenda kila nikipata nafasi, na nikifika nakaa tu chini ya mti, sina habari na mtu.

Sasa, Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo hivyo. Kule juu ni vijito. Unateremka kilomita kama 35, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, hadi baharini pale daraja la Selander. Mimi nimepanga miaka mingi karibu na mto huo, upande wa chini. Mtaa siutaji.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba, wapangaji wote choo kimoja cha shimo. Masika yakija, maji ya ardhini yanapanda, shimo linajaa lenyewe hata kama hakuna aliyeingia. Gari la majitaka likiitwa linasimama barabara kubwa, mpira haufiki, dereva anageuza. Likifika, bei ni ya tripu nzima. Basi mwenye nyumba anasubiri usiku mvua ikichapa hasa, anatoboa shimo, kila kitu kinaondoka na mtaro kuelekea mtoni. Kutapisha choo, wote mnajua. Asubuhi watoto wanavuka mtaro huo huo kwenda shule, na mtu wa bustani anachota mtoni kumwagilia mchicha ambao kesho uko sokoni. Huyo anayesema watu wa mabondeni wachafu naye anaula, tena kwa ugali.

Bwana afya alikuwa anakuja jua likishawaka. Anaandika faini, anaondoka. Mwenye nyumba wetu alilipa, na masika yaliyofuata akatapisha tena, kwa sababu faini ilikuwa nafuu kuliko gari. Hapo ndipo ninapobishana na mdau. Uchafu unaouona ni hesabu ya mtu aliyenyimwa huduma, halafu akatozwa kwa kuikosa. Sehemu kubwa ya Dar haijaunganishwa na bomba la majitaka, kwa hiyo shimo lisiponyonywa lazima liende mahali.

Mnakumbuka 2015? Kipindupindu kilianza Dar mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, na Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba tukafanye usafi. Nilishika fagio kama wengine, na sikatai, barabara zilipendeza. Lakini ufagio hauingii shimoni. Mashimo yetu yalibaki yamejaa vile vile siku ya pili yake.

Jirani yangu mmoja aliugua masika mengine. Tulimkimbiza zahanati ya karibu, wakasema pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, zimeisha, tukanunue duka la dawa. Kwa ugonjwa unaoweza kumaliza mtu ndani ya saa chache! Kwa hiyo kariri hii ya kujitengenezea ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe. Mnyweshe kidogo kidogo huku mnaelekea kituoni. Usimkalishe nyumbani eti anaendelea vizuri.

Kuhusu dawa ya haya yote, mashine ndogo za kunyonya kwa mkono zipo, vijana wanaingia nazo uchochoroni na kubeba kwa mapipa. Nimeziona zikifanya kazi. Tatizo ni pa kumwaga. Kutoka kwetu hadi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na foleni ile, kijana wa guta, ile ya magurudumu matatu, anamaliza siku kwa safari moja, na bei inapanda mpaka inafanana na ya gari kubwa. Pawekwe vituo vya kupokelea karibu na mitaa, ndipo faini itakuwa na maana.

Mleta mada, kwa daladala wahini asubuhi, jioni zinajaa. Na mwenye kumjua kijana anayenyonya kwa mashine ya mkono upande wa Kigogo, atuambie siku hizi ni bei gani kwa pipa.